Nani Huwafagilia

Mama alikuwa akipepeta uwele nilipofika Hombolo,
begi bado lina stika ya uwanja wa ndege.
Hakuuliza habari za cheti changu cha zabibu.
Aliuliza: Uliona nini huko Ureno?

Kanisa, nikamwambia.
Kanisa la wafalme, mama, na nyumba ya watawa ubavuni,
jiwe juu ya jiwe mpaka shingo inauma.
Kiingilio yuro sita, mwanafunzi nusu.
Nilitoa kitambulisho
nikajihisi kama naomba punguzo kwa Mungu.

Ndani, baridi ya mtungi.
Watawa waliondoka zamani,
wakaacha jiko lenye dohani ambamo fahali angesimama
na mfereji wa maji uliopita katikati.
Hapo ungo ukatulia.
Maji? Ndani ya jiko?
Ndani ya jiko.
Akazitazama ndoo zake tatu.

Kisha sakafu.
Wafalme wenyewe wamelala juu, kwenye majeneza ya marumaru,
mikono imekunjwa, mbwa wa jiwe miguuni.
Lakini malkia mmoja, sijui alikosa nini,
yuko chini, karibu na mlango, wanapopita watu.
Viatu vya miaka mia sita vimemla pua, vimemla midomo,
vimebakiza pindo la gauni
na vidole viwili.
Nilimruka. Mtembeza wageni akacheka:
Kanyaga tu, kila mtu anakanyaga.

Mama akanyamaza kama mtu anayehesabu kuku.

Nani huwafagilia?

Mwanamke mmoja, nikasema, mwenye ufagio mpana,
alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, peke yake.
Hilo lilimtuliza kuliko marumaru yote.

Jioni ng'ombe wa Ndahani wakarudi,
vumbi limesimama nyuma yao kama ukuta usio na fundi.
Wakaingia zizini, wakazunguka, wakajilaza
juu ya samadi, juu ya babu Chedego,
mwenye kaya, aliyezikwa humo
asije akakosa kusikia kengele.
Nilikulia hapa. Nimekamua juu ya kifua chake
miaka yote
na sikuwahi kuruka.

Mama akachukua ufagio wake wa vijiti.
Huyo malkia wako, akasema,
alikuwa na ng'ombe?

Kibao hakikuandika.
Nikamshika ndama.