Chumba cha Giza, Germencik

Tunaingia saa moja na nusu, jua limeshapanda,
nasi tunalifungia nje.
Pazia jeusi, la pili jeusi, kisha taa ya zambarau
isiyomulika kitu ila chenye siri.

Siku ya kwanza nilicheka:
meno ya Müzeyyen yaliwaka peke yake,
yakaelea juu ya mkanda bila uso.
Uzi wa mkono wangu nao ukawaka buluu.
"Buluu iache," akasema, "ni sabuni ya kufulia.
Tafuta kijani kinachoelekea umanjano,
kama kimulimuli aliyekufa akasahau kuzima."

Tini, tini, tini.
Zinapita nyeusi, bubu, kama kokoto za mtoni.
Waliosema si kila king'aacho ni dhahabu
hawajakalia kigoda hiki.
Hapa king'aacho ni ini la mtu nisiyemjua,
mtoto wa Hamburg, labda, na kifungua kinywa chake.

Ferhunde wa maabara alitueleza, glavu bado mkononi:
kinachowaka si sumukuvu yenyewe,
ni jirani yake, hula naye sinia moja.
Ukimwona huyu, usiulize yule yuko wapi.
Yeye huzisaga, huzichuja, husubiri namba.
Sisi tuna vidole.

Alhamisi likaja kreti la mia mbili na kumi na mbili,
kamba yake imefungwa kishoto.
Fundo lile nalijua. Ndilo lililofunga viatu vyangu
nilipokuwa darasa la kwanza.
Mvua ya Agosti ilimkuta Tahsin ameanika chini,
chanja kaziuza, deni la trekta.

Moja. Nikaitoa.
Tatu. Nikazitoa.
Ya saba, mkono ukasita.
Mkanda hausiti.
Ikanipita, ikiwaka, ikienda zake kama mgeni aliyeaga,
nikainuka nikaifuata, nikaikamata mwisho kabisa,
karibu na mlango wa masanduku.
Niliporudi, meno ya Müzeyyen yalikuwa yamezimika.
Alikuwa amefunga mdomo.

Kumi na tisa, kreti moja. Nikaandika namba.
Mwandiko wangu, jasho la ndugu yangu.

Jioni kwake, chai, na sahani katikati.
"Kula. Mwaka huu zimekolea."
Nikaipasua moja kwa kidole gumba:
mbegu, asali, uwekundu wa ndani ya shavu.
Hakuna kitu. Mwanga wa kawaida ni shahidi
aliyekula kiapo cha kunyamaza.

Nikanyoosha mkono, nikazima taa.
"Mbona unatukalisha gizani?"
Nilitazama sahani. Giza tu, na harufu ya sukari,
na mimi bila ile taa yangu.

"Tahsin," nikamwambia,
"chanja mpya siku hizi ni bei gani?"

Nikamsikia ameacha kutafuna.