Kitambaa cha Matundu

Mama alitoa sharti moja, macho hayajatoka kwenye uzi:
"Hicho kidude chako kikizidi rula ya shule
hakilali sebuleni kwangu."

Sebule yetu ya Pasua ni ya kupishana kwa ubavu.
Makochi matatu ya pesa za mafao,
moja halikaliwi tangu msiba.
Meza ya kioo isiyowekwa kikombe.
Kabati la vyombo vya wageni.
Kila kitu kimevaa kitambaa cha kufuma,
hata redio, hata rimoti ina kijaladi chake.

Nikapima kwa futi yake ya kushonea:
kati ya televisheni na ukuta, sentimita ishirini na nane,
toa mbili za waya,
toa tatu za mkono wa mama
unaopita hapo kila asubuhi kutafuta vumbi.

Kasha nililipata kwa fundi Ndewario, nyuma ya stendi,
dogo kama mkebe wa biskuti za Krismasi.
"Humo utaingiza kompyuta au kifaranga?"
Ubao mama ulishuka na basi kutoka Dar,
dada Aikande kauviringisha kwenye khanga
pamoja na dawa za presha za mwezi mzima.
Kadi ya picha ni ya jamaa wa Soweto aliyefunga kibanda cha gemu;
bado ilinuka chipsi na jasho la watoto wa watu.
Niliipiga mswaki taratibu,
kama anayemsafisha mgonjwa meno.

Jumamosi. Mlima umejifunika, nasi tumejifungia.
Skrubu nimezipanga katika visosi vya wageni
na sikugombezwa.
Krimu ya joto, punje moja ya dengu.
Kichakataji kikakaa bila kusukumwa.
Lakini waya! Waya zilizidi nafasi
kama ndugu wa mume siku ya kugawa kihamba.
Nikakunja, nikabana, nikatukana kimoyomoyo.
Nikabonyeza.
Feni ikazunguka nusu, ikakata tamaa.
Nikafungua, nikafunga.
Nusu.
Luku ina uniti kumi na moja, kosa si la umeme.

Mama akaweka sindano chini. Nikadhani anakwenda jikoni.
Akavaa miwani, akapiga magoti, na miaka yake sitini na saba,
akaingiza vidole viwili pale vyangu visipofika.
"Na huu ni nini?"
"Ubao mama."
"Mama gani anafungwa hivi?"
Akazifumua waya zote, akazipitisha nyuma,
moja juu, moja chini,
akazifunga kwa uzi mweupe, mafundo yake yaleyale,
na mwisho akakibana kifungo cha pembeni
ambacho ningeapa nilikwisha kukibana.
Tk.
Mwanga wa bluu ukafika hadi kwenye vikombe vya kabatini.

Waya wa pedi ulikuwa mfupi,
unafikia kochi moja tu.
Mama akalitazama kochi la baba,
akapangusa mkono wake mmoja, kisha wa pili,
akaketi.
Akaendesha gari la mashindano
kwa mwendo wa anayepeleka mayai Kiboriloni.
Magari saba yakampita, yakazunguka, yakampita tena.
Akawa wa mwisho.
"Tumefika salama," akasema. "Weka tena."

Asubuhi nikakuta kidude kimevishwa:
kitambaa kizito cheupe, kimeziba pumzi zote za juu.
Sikujua nianzie wapi kumwambia.
Nikamshika kiganja, nikakiweka pale.
"Kina homa," akasema, akakivua mwenyewe.

Siku tatu amefuma kingine,
matundu ya kupitisha kidole, ukingo wa zambarau.
Hewa ya moto ikitoka, kinainuka kidogo, kinatua,
kinainuka.
Anakitazama hivyo kwa muda, toka kochi la baba,
kabla hajaniuliza leo nani anaanza.