Zulia Jipya Karibu na Kitanda

Magoti ya Duane yamegoma, ngazi naipanda mimi,
miaka sitini na sita, bisibisi katikati ya meno,
nyuma ya ghala la Verlyn Stensrud, nje kidogo ya Minot.
Ni Aprili. Theluji ya mwisho imejikunyata kivulini
kama mbwa aliyekaripiwa.

Paa kwanza. Paa haliwezi kudanganya muda mrefu.
Napapasa mpira, napapasa kingo,
pale silikoni ilipopasuka ikazibwa,
ikapasuka ikazibwa tena,
tabaka juu ya tabaka, deni juu ya deni.
"Halijawahi kuvuja," Verlyn anapaza sauti toka chini.
Sijamuuliza.

Tairi zinang'aa, zimepakwa mafuta, kashata zake nzima.
Napiga goti kwenye changarawe, natafuta tarakimu nne
walizozigeuzia upande wa ndani.
Nazipata. Miaka kumi na moja.
"Tairi huzeeka hata likisimama, bwana," namwambia,
"mwulize yule aliyekaa kwenye pikapu."
Verlyn anacheka, lakini amechelewa.

Ubavuni nagonga kwa vifundo vya vidole.
Ko. Ko. Ko.
Kisha sauti nzito, ya mtu anayesema na blanketi mdomoni.
Naweka alama ya chaki, naendelea.

Ndani, harufu ya limau.
Limau mno; hakuna anayelipenda limau kiasi hicho.
Kibaya chajitembeza, walisema,
na hiki kina magurudumu.

Anabonyeza kitufe: ukuta wa sebule unatoka nje mithili ya droo,
unalalamika, unakwama, unaendelea.
Jikoni viwasho vitatu vinawaka, cha nne kinafikiri.
Nafungua makabati, naingiza kichwa na tochi,
na nyuma ya mlango wa kabati la vikombe
kuna mwandiko wa penseli, herufi zimeinama:
Julai, Ziwa Metigoshe, mbu wengi.
Agosti, mvua ya mawe, tumecheza karata siku mbili.
Juni, Metigoshe tena, V. kavua samaki mmoja, kasimulia watano.
Septemba
na hapo hapana kitu.

Vidaraja vitatu, chumba cha kulala,
shingoni mwa trela, pale linapoegemea mgongo wa gari.
Kitanda kimetandikwa vizuri. Mto mmoja.
Sakafuni, upande wa dirisha, zulia jekundu,
karatasi ya bei bado imebandikwa ukingoni.
Katika nyumba hii nzima kipya ni hicho tu.

Nalikunja.
Bisibisi inazama kwenye plaiwudi
bila hata kusukumwa.
Maji hayakuvunja mlango. Yaliingia kwa adabu, tone, tone,
majira kadhaa, wala hapakuwa na wa kuyasikia.

Verlyn yuko kwenye kidaraja cha chini, kofia mkononi.
"Nilitumaini angekuja mtu asiyejua kutazama."
"Nimeona."
"Huo ulikuwa upande wake. Asubuhi aliteremsha miguu hapo."

Namwonea huruma, na huruma hainunui mbao.
Nyuma ya risiti ya mbegu za alizeti naandika:
plaiwudi, vipande viwili. Tairi, nne. Ubavu, alama ya kuuliza.
Mgongo wangu, siku kumi.
Namtajia bei. Anatazama viatu vyake. Anataja yake.
Tunabaki hapo, kati ya bei mbili,
tukisikiliza friji ikijaribu kupata baridi kwa gesi.

Nalirudisha zulia mahali pake, sijui kwa nini.

Garini, Duane amewasha kipasha joto, injini inanguruma.
"Limeoza?"
"Karibu na kitanda."
"Sana?"
Natanua mikono:
upana wa mtu mmoja aliyeketi, akivaa soksi.

Anatazama kioo, anamtazama Verlyn
ambaye hajafunga mlango wa trela.
Kisha anazima injini.