Tangazo Nililoliandika

Mimi ndiye niliyeliandika:
"Anatakiwa daktari wa meno. Nyumba ipo, bustani ipo,
mji tulivu, saa nne tu kutoka Adelaide."
Hilo "tu" nililiongeza mwenyewe.
Sikutaja nzi. Sikutaja vumbi la ngano
linalopenya hadi ndani ya chai.

Akaja Sabitri Gurung, kutoka Pokhara,
na mume, mhandisi wa madaraja,
katika mji usio na mto.
Tukawapa keki, ramani, hotuba ya meya,
kisha kila mtu akarudi kwake akafunga mlango.
Huko tukakuita kukaribisha.

Miezi saba alitung'oa meno.
Alivijua vinywa vyetu vyote,
sebule zetu hata moja.

Jumamosi moja mumewe alisimama ghalani
akiikodolea mizani ya malori, mbovu tangu mwaka juzi.
"Naweza kujaribu?"
Schirmer, bahili wa maneno, akampa spana.
Wakatoka usiku, weusi kwa grisi,
wanabishana kuhusu kriketi kama ndugu wa tumbo moja.

Kesho yake mke wa Schirmer akabisha kwa Sabitri:
"Nimeishiwa chumvi."
Uongo. Ana chumvi ya kuzikia ng'ombe.
Alirudi saa tatu baadaye, bila chumvi,
ananuka bizari.

Mkataba unaisha Juni. Meya ananiuliza: watabaki?
Sijui. Naye Sabitri hasemi.
Mezani pana tangazo jipya, anatakiwa mfamasia.
Nimelifuta lile "tu".
Nimeandika na nzi.