Linapwita

Saa saba za usiku, Maabela.
Thuwaiba kasimama mlangoni, mto kaukumbatia,
shavu moja kubwa kuliko mwenzake.
"Baba," akasema, "linapwita."

Hakusema linauma. Linapwita.
Shuleni anasema Kiarabu, katuni zake Kiarabu,
hata njozi, nadhani, anaziota kwa Kiarabu;
lakini maumivu yalipobisha hodi
yalikuja na neno la bibi yake,
neno ambalo sikujua kama analo.

Mama yake yuko Salala, dada yake kajifungua.
Mimi mtu wa mabomba:
wiki mbili jangwani Fahud, wiki mbili nyumbani.
Nikiweka kiganja juu ya chuma
najua wapi panavuja.
Nikaweka kiganja juu ya shavu.
Lilikuwa la moto. Sikujua kitu.

Koponi mlikuwa na karafuu saba.
Moja nikaitafuna mwenyewe, nione,
ya pili nikambandika.
Akaitema juu ya fulana yangu
akanitazama kama niliyemsaliti.

Alfajiri nikampigia bibi.
"Jino la utoto hilo, litatoka lenyewe."
Bibi, jino ndilo la utoto.
Maumivu ni ya mtu mzima.

Kituo cha serikali walitupa chupa ya dawa
na tarehe: baada ya wiki tatu.
Ya binafsi, ikiwa Ijumaa, hufunguliwa baada ya magharibi.
Basi tukaisubiri magharibi.
Jirani walipika biriani, harufu ikaruka ukuta,
Thuwaiba akageukia upande wa pili.
Nilimpa aiskrimu. Akaiacha iyeyuke,
akaitazama ikiyeyuka
mpaka ikawa maji ya waridi ndani ya bakuli.

Njiani kuna matuta kumi na moja.
Nimepita hapo miaka, sikuwahi kuyahesabu.
Kila tuta niliendesha kama mtu aliyepakata mayai,
na nyuma yangu watu wakipiga honi.

Daktari Sreeja ni mtu wa Kerala,
Kiarabu chake cha kuokoteza,
changu kimekauka kwa hofu.
Akauliza: linachoma? Linavuta?
Mtoto akajibu, mdomo wazi:
"Linapwita."

Daktari akanitazama mimi.
Nikalitafuta kwa Kiarabu, nikapata nusu.
Nikalitafuta kwa Kiingereza, nikapata kelele.
Mwisho nikainua mkono, nikafumba ngumi,
nikafumbua, nikafumba, nikafumbua,
hivi, hivi, hivi.
"Aa," akasema, akatamka neno fupi la kwao
nalo pia lilikuwa na mdundo.

Sindano aliificha nyuma ya kiganja.
Mimi niliiona.
Thuwaiba akanishika kidole gumba;
sikuwahi kuambiwa kwamba mtoto wa miaka sita
ana nguvu ya spana.

Riyali thelathini na tano.
Wakatupa jino ndani ya kijisanduku cha plastiki:
dogo kuliko punje ya mahindi,
na tundu jeusi ubavuni.
Kumbe ni wewe, nikaliambia.
Ni wewe tu?

Usiku mama yake akaandika: Alisemaje?
Nikaandika: Linapwita.
Nikafuta.
Nikaandika: Amelala.

Asubuhi tukapanda juu ya paa,
kati ya tangi la maji na dishi la jirani.
Alifundishwa shuleni: jino hurushiwa jua,
jua lichukue jino la punda, lilete la paa.
Akafumba macho, akarusha kwa nguvu zake zote,
likagonga tangi, ngo,
likarudi miguuni pangu.
Hakuliona. Alikwishakimbilia ngazi,
akiuliza, kwa nusu mdomo, kama chai iko tayari.

Sasa jino liko Fahud, mfukoni mwa ovaroli.
Nikiinama juu ya bomba, linanidunga pajani.
Naye kila akizungumza nami simuni
huniambia jua bado halijaleta.
Namwambia asubiri.
Namwambia jua lina foleni.