Mikanda Mitano

Ragnfrid, chumba namba sita,
saa nane za usiku na jua bado limekaa dirishani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Juni ya huku kaskazini haina giza la kumstiri mtu.
Nilikuona vizuri. Ulituona vizuri.
Tulikuwa watano:
Oddvar mguu wa kushoto, mwanafunzi mguu wa kulia,
wawili mikononi,
nami kiunoni, kwa kuwa ndimi mwenye uzoefu.

Ulikuwa umevunja kikombe.
Kisha kioo cha ile picha ya maporomoko ukumbini,
kisha kipande kikawa kiganjani mwako
na hukusema ungekifanyia nini.
Hadi leo sijui.
Niliandika: hatari kwa nafsi yake.
Kalamu ilitangulia, akili ikafuata.

Nilikuvua miwani.
Hilo halina kisanduku kwenye fomu.
Fomu inauliza mikanda mingapi, saa ngapi, nani kaamuru,
na njia gani za upole zilijaribiwa kwanza.
Niliandika: mazungumzo.
Mazungumzo yenyewe yalikuwa haya:
— Ragnfrid, tulia.
— Nimetulia. Wanaokimbia ni ninyi.

Ukaanza kutaja mito.
Miaka thelathini na mmoja ulifundisha jiografia,
na sasa, umelazwa chali, huoni mbali,
uliipita nchi nzima kutoka kusini:
Glomma, Otra, Orkla, Gaula,
kila mmoja ukiusindikiza hadi mdomoni mwake.
Sindano ilipoingia ulikuwa Namsen.
Hukufika baharini.

Nilikufunga.
Kwa binti yako nilisema tumekufungia,
tumekufungia usijiumize,
na herufi zile mbili, i na a,
zilibeba huruma yangu yote
kama punda wawili wadogo.
Eldbjørg akanishika mkono: asante, mmemwokoa mama.
Niliipokea asante ile
kama mtu aliyekabidhiwa stesheni sanduku la mtu mwingine.
Ningali nimelishika.

Lakini usinihukumu kwa usiku mmoja.
Kulikuwa na Jostein, fundi wa injini, chumba namba mbili,
aliyesema hapana kwa dawa, hapana kwa kitanda, hapana kwetu,
akasema kwa adabu, amevaa koti, nywele kazichana.
Tulikaa kikao. Tukaiheshimu hapana yake.
Tukamfungulia mlango, hata nikamtania kuhusu kofia.
Aprili theluji ilipoyeyuka nyuma ya maghala ya samaki
walimpata, na kofia ile.
Mama yake hakuja kunishika mkono.
Basi niambie, mwalimu,
mpaka uko wapi kwenye ramani yako?
Mimi naupita kila zamu na sijawahi kuona bango.

Oktoba nilikukuta duka la nyuzi.
Ulikuwa na miwani mipya, fremu ya kijani.
Ukanitazama kama mtu anayesoma jina la mtaa.
— Wewe ndiye wa kiunoni.
Nikasema ndiyo.
— Nilikuomba kitu usiku ule. Unakumbuka?
Nilitafuta. Nilikumbuka jasho la Oddvar,
mlio wa sumaku inapokaza kitufe,
soksi yako moja iliyogeuzwa ndani nje.
Ombi sikulikumbuka.
— Si neno, ukasema.
Ulihesabu sarafu zako, moja moja, hukutaka nikuongezee.
Mlangoni ukageuka nikadhani utanitajia.
Ulikuwa unafunga koti.

Bado nafunga watu, Ragnfrid.
Si mara nyingi. Miwani naiacha usoni
hadi atakaponikataza mwenye cheo,
na nikiombwa kitu nakiandika pembeni mwa fomu,
pasipo kisanduku: maji. Dirisha. Usiniite mpenzi.
Usiku mmoja, wodi imenyamaza, nilifungua ramani kwenye simu
nikaufuata Namsen kwa kidole.
Unamwagikia Namsos, kwenye mkono mrefu wa bahari.
Wewe unajua. Ulikuwa unajua tangu awali.
Lakini nimefika.