Gazeti la Kufungia

Magazeti ya zamani nayanunua kwa kilo Marikiti,
kwa Swaleh Bahero, ayapimaye pamoja na vitunguu
na hajamaliza hata kichwa kimoja cha habari.
Mimi nasoma.
Mafuta yakichelewa kuchemka
naifungua safu ya Bwana Badi Mwinyikai,
picha yake kidole shavuni
kama anayeuguza gego.

Safari hii katuandika sisi,
wakaanga viazi vya karai wa Kibokoni.
"Leo karai moja kando ya njia,
kesho makarai kumi,
keshokutwa watakaanga bhajia ndani ya mahakama
na hakimu ataomba pilipili."
Nilicheka, wallahi. Kisha nikahesabu:
miaka kumi na tisa nipo hapa, karai ni lile lile,
mkono wake mmoja umeshachomelewa mara mbili.
Hiyo kesho yake yaja kwa miguu gani?

"Tangu waje hawa, kipindupindu nacho kimekuja."
Tangu nije mimi, Bwana Badi,
Zuena wangu amezaliwa, ameota meno, ameyang'oa, ameota mengine,
msikiti umepakwa rangi mara nne,
na wewe, nikilinganisha picha, umeingia kipara.
Vyote nibebe, au nichague?

"Ama mji msafi, ama karai."
Ama, ama.
Mtu huyu hajapita vichochoro vyetu.
Kutoka hapa hadi Makadara najua njia sita,
mbili hazijapata jina.

"Kila mtu anajua," asema.
Nikamwuliza muuza kahawa. Hajui.
Nikamwuliza Bi Rukiya ashonaye kofia.
Akasema anajua kofia.

Na pale hoja ilipomwishia
akatia methali, kama mtu atiaye ndimu samaki aliyelala:
usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Wateja niliowasomea wakatikisa vichwa.
Tamu, ndiyo. Lakini ufa wenyewe hakuuonyesha.
Hata mimi ninayo: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.
Tungetupiana hivyo mpaka adhana ya Magharibi,
viazi viungue,
na hakuna aliyethibitisha kitu.

Kazi hii imenifunza jambo moja:
karatasi ukiitia mafuta
huonyesha upande wa pili.
Viazi vitatu vya moto tu,
na "hatari kwa wananchi" ikawa kioo.
Nyuma yake, herufi zikisomeka kinyumenyume,
tangazo la mkahawa mpya kule Nyali:
chipsi, kuku, kiyoyozi.

Ahaa!
Nikaita mtaa mzima.
Kalishwa huyu! Mwaona? Kalishwa!
Muuza kahawa akagonga vikombe vyake,
Bi Rukiya akaacha sindano,
nami nikasimama na mwiko mkononi
kama wakili aliyeshinda kesi.

Zuena, juu ya kibao, akifanya hesabu zake,
hakuinua kichwa.
"Na mtaro, mama?"
Mtaro gani?
"Aya ya nne. Kasema wa pale pembeni umeziba kwa mafuta."
Si nimekwambia kalishwa?
"Akiwa kalishwa au ana njaa, mama,
umeziba au haukuziba?"

Sikumjibu.
Nilisema ana mdomo kama wa shangazi yake,
jambo ambalo nalo, nikifikiri,
halikuwa jibu.

Jioni hiyo sikuyamwaga pale ninapoyamwaga.
Niliyachuja, nikayatia kopo la samli,
nikayabeba hadi nyumbani, yakinichoma mkono,
na Zuena nyuma yangu, kimya, mshindi asiyecheka.

Alhamisi imerudi. Bwana Badi kaandika tena,
safari hii juu ya mbuzi wa Majengo.
Safu ya juma lililopita bado ninayo.
Aya ya nne nimeikata kwa kisu cha viazi,
nimeibandika kwa unga wa ngano
ubavuni mwa sanduku la pesa.
Zilizobaki nimezifungia wateja,
na ukwaju juu.